Cheti cha CPC kwa aliyevuka miaka 40: unalipia nini, na herufi A inataka nini

Kinachopimwa hapa ni kifurushi kimoja: kozi ya mtandaoni ya AAPC ya kuandaa wasimbaji wa matibabu, yaani watu wanaogeuza maandishi ya daktari kuwa namba za kudai malipo ya bima, mtihani wake wa CPC (Certified Professional Coder), na uanachama unaoandamana navyo. AAPC ni chama cha wasimbaji cha Marekani kilichoanzishwa mwaka 1988, makao yake yako Salt Lake City, jimbo la Utah. Cheti cha CPC hutajwa sana kwenye matangazo ya kazi za kusimba huduma za madaktari. Wasemaji wengi wa Kiswahili walioko Marekani huanza kukifikiria mgongo unapochoka kuinua wagonjwa kwenye nyumba za wazee, au zamu za usiku za ghalani zinapowaelemea. Neno “kodi” tayari lina wenyewe, la pango na la serikali, kwa hiyo humu kazi itaitwa kodingi kama watu wanavyoiita, na namba zinazoandikwa zitaitwa misimbo.

Kozi ni nzuri na mtihani ni wa haki. Kasoro iko kwenye ahadi zinazozungushwa mitandaoni kuhusu cheti hiki: miezi minne ya kusoma, kisha kazi ya kufanyia sebuleni. Anayefaulu bila uzoefu hupewa CPC-A, na hiyo A ni ya mwanagenzi. Aliyeipangia herufi hiyo tangu siku anayolipa karo ana nafasi nzuri. Anayeisikia mara ya kwanza baada ya kufaulu anaweza kutuma maombi ya kazi mwaka mzima bila kuitwa hata mara moja.

Kazi yenyewe

Daktari akishamwona mgonjwa, huandika alichokikuta na alichokifanya. Msimbaji husoma maandishi hayo, akageuza kila ugonjwa na kila tendo kuwa msimbo, na bima hulipa kwa kufuata misimbo hiyo. Vitabu ni vitatu. ICD-10-CM hueleza kwa nini mgonjwa alihudumiwa. Marekani ilianza kuitumia tarehe 1 Oktoba 2015, nayo ina misimbo zaidi ya 70,000. CPT, ambayo ni mali ya American Medical Association na ilitoka mara ya kwanza mwaka 1966, hueleza daktari alifanya nini. HCPCS Level II hubeba dawa za sindano, vifaa, ambulensi na mengineyo ambayo CPT haiyagusi.

Chukua mtu aliyeanguka akategua kifundo cha mguu wa kulia, na daktari hakutaja kano gani. Msimbo ni S93.401A. Ile 1 ya nafasi ya sita ndiyo inayosema mguu ni wa kulia, na A ya mwisho inasema jeraha bado linatibiwa. Mgonjwa akirudi wakati wa kupona tu, A inageuka D, na akirudi miaka baadaye na madhara yaliyobaki, inakuwa S. Kuanguka kwenyewe, kama sababu haikuelezwa, ni W19.XXXA. Zile X tatu hazina maana yoyote. Zinashikilia nafasi ili A iangukie mahali pa saba, na mwanafunzi anayeziruka ataona dai zima likirudishwa.

Mfano wa pili una uzito zaidi, kwa sababu hapo ndipo wanaoanza hukosea sana. Daktari ameandika: kisukari aina ya 2, presha, ugonjwa sugu wa figo hatua ya 3b. Anayesoma haraka ataandika E11.9 ya kisukari kisicho na madhara, I10 ya presha, na N18.32 ya figo. Inaonekana safi, ila misimbo miwili kati ya mitatu si sahihi. Kanuni rasmi za ICD-10-CM zinachukulia kwamba kisukari na ugonjwa sugu wa figo vina uhusiano, na presha na ugonjwa huo vilevile, isipokuwa daktari aandike wazi kwamba havihusiani. Jibu sahihi ni E11.22, I12.9 na N18.32. Kama mgonjwa anatumia insulini unaongeza Z79.4, na kama anameza vidonge vya kushusha sukari unaongeza Z79.84. Sheria hiyo imefichwa ndani ya neno dogo la Kiingereza, “with”, kwenye faharasa ya kitabu. Kozi inalieleza vizuri, lakini inalieleza mara moja. Lirudie mwenyewe mpaka jicho lisilipite.

Kuna kanuni nyingine inayowasumbua hasa wauguzi na matabibu waliosomea Afrika Mashariki, watu ambao vinginevyo ndio wanaofaa zaidi kwa kazi hii. Msimbaji haruhusiwi kutambua ugonjwa. Ukiona himoglobini ya 7 kwenye majibu ya maabara, unajua mgonjwa ana upungufu wa damu. Miaka yako yote ya wodini inakuambia hivyo. Kama daktari hakuuandika, huuandiki. Unamtumia swali rasmi, tena lisilomwonyesha jibu unalolitaka, na unasubiri. Ndivyo ilivyo hata kwa malaria: ikiwa maandishi yanasema malaria bila kutaja kimelea, ni B54, hata kama unaona dhahiri kwamba mgonjwa katoka safarini Kisumu wiki iliyopita na kimelea cha huko kwa kawaida ni falciparum, ambacho msimbo wake ungeanzia B50.

Na kuna tofauti kati ya mgonjwa wa nje na aliyelazwa. Daktari wa kliniki akiandika “inadhaniwa ni nimonia”, husimbi nimonia. Unasimba kikohozi, homa au dalili yoyote aliyoiandika. Mgonjwa aliyelazwa hospitalini, maneno hayohayo yakiwemo kwenye maelezo ya kumruhusu kwenda nyumbani, hospitali humsimba kana kwamba nimonia ipo. Mtihani wa CPC unaegemea upande wa kwanza, wa huduma za madaktari.

Vitabu na namna ya kuviandaa

Vitabu vyote vitatu vinaingia kwenye mtihani, na hii ni nafuu kubwa kwa mtu mzima, maana hakuna kukariri namba. Unapimwa kama unajua pa kufungua, na unafungua kwa kasi gani. Kwa hiyo kitabu kisichoandaliwa ni sawa na jembe lisilo na mpini.

CPT inayokubalika ni ile iliyochapishwa na American Medical Association yenyewe. Nunua toleo lake la Professional, kwa sababu lina rangi, michoro ya mwili na maelezo ya ziada chini ya misimbo. Senti unazookoa kwa toleo la kawaida utazilipa kwa dakika ndani ya mtihani. Vibandiko vya pembeni vinaruhusiwa mradi kazi yake iwe kuonyesha ukurasa. Maelezo ya mkono yanayohusu kazi ya kila siku yanaruhusiwa. Karatasi iliyobandikwa au kuchomekwa ndani ili kuongeza maelezo hairuhusiwi, na inaweza kukuharibia mtihani wote.

Cha kuandika pembeni ni kile kinachosahaulika. Karibu na 12001, mahali pa kushona majeraha mepesi, andika: jumlisha urefu wa majeraha ya aina moja na kundi moja la mwili. Jeraha la sentimita 3 mkononi na la sentimita 4 mguuni, yote yameshonwa kwa njia nyepesi, si misimbo miwili. Ni sentimita 7, yaani 12002, ambayo inaanzia 2.6 na kuishia 7.5. La usoni haliingii kwenye hesabu hiyo, lina mfululizo wake unaoanzia 12011. Karibu na N18 ya ICD andika “tazama E11.22 na I12”. Kwenye ukurasa wa uchunguzi wa utumbo mpana kwa kamera, andika kwamba 45378, uchunguzi mtupu, humezwa pindi daktari akikata kipande cha kupima, 45380, au akiondoa polipu (kinyama kilichoota) kwa kitanzi, 45385. Akifanya hayo mawili kwenye maeneo tofauti, yote mawili husimbwa, na moja hupewa modifaya ya 59, alama ya ziada inayofuata msimbo.

Mpangilio wa CPT una ukaidi wake: misimbo ya 99202 na kuendelea, ya kumwona na kumpangia mgonjwa, imewekwa mbele kabisa ya kitabu ingawa namba zake ni miongoni mwa zilizo kubwa zaidi. Anayeitafuta mwishoni hupoteza dakika nzima kila mara.

Jambo moja ambalo kozi hailigusi, kwa sababu haikuandikwa kwa ajili yetu: tahajia. Aliyesoma Kenya, Tanzania au Uganda amezoea Kiingereza cha Uingereza. Anatafuta oesophagus kwenye O, na kitabu cha Kimarekani kimeiweka kwenye E, esophagus. Oedema iko kwenye E. Haemorrhage na haematuria bado ziko kwenye H, lakini zimesogea kurasa nyingi kwa sababu herufi a imeondolewa. Paediatric, anaemia, orthopaedic, leukaemia, zote zimebadilika. Andika orodha ya maneno hayo kwenye ukurasa mtupu wa mbele wa ICD-10-CM, kwa mkono. Wiki mbili za kulizoeza jicho zinatosha, na faida yake inaonekana upesi. Upande wa mizizi ya Kigiriki na Kilatini, nephr- ya figo, hepat- ya ini, -ectomy ya kukata na kuondoa, aliyesoma biolojia ya sekondari kwa Kiingereza ana akiba tayari. Asiyekuwa nayo asiruke kozi ndogo ya istilahi na anatomia. Akianza kodingi bila misingi hiyo atakuwa anajifunza lugha mbili kwa wakati mmoja, na ataacha njiani.

Angalia pia kalenda. CPT hubadilika kila tarehe 1 Januari, na ICD-10-CM kila tarehe 1 Oktoba, pamoja na nyongeza za Aprili. Maswali hufuata vitabu vya mwaka wa mtihani. Anayeanza kozi Septemba na kufanya mtihani Februari atajikuta na vitabu ambavyo baadhi ya misimbo yake imefutwa, na vitabu vitatu kwa pamoja ni mamia ya dola. Anza Januari au Februari, malizia kabla ya Novemba, na seti moja itakutosha.

Mtihani

Tangu mwaka 2022 una maswali 100 ya kuchagua kwa saa 4. Zamani yalikuwa 150 kwa saa 5 na dakika 40. Unahitaji 70 kati ya 100. Hiyo ni chini ya dakika mbili na nusu kwa swali, pamoja na kufungua kurasa.

Maswali 36 ni ya upasuaji, sita kwa kila mfululizo kuanzia 10000, ambao ni wa ngozi, hadi 60000, wenye tezi, neva, macho na masikio. Kumwona mgonjwa ni maswali 6, na radiolojia, maabara na tiba nyinginezo ni 6 kila moja. Kanuni za kusimba zina 7, ICD-10-CM 5, istilahi 4, anatomia 4, dawa za usingizi 4, HCPCS 3, sheria 3. Kumi za mwisho ni kesi: unapewa ripoti nzima ya daktari uisimbe. Hizi hula muda kuliko zote.

Maswali ya kumwona mgonjwa ni alama za kuokota ukilijua jedwali moja. Tangu 2021, ziara ya kliniki hupimwa kwa uzito wa maamuzi ya daktari au kwa muda, na msimbo wa 99201 ulifutwa. Uzito una nguzo tatu: matatizo, data na hatari, mbili zikifika kiwango, msimbo umefika. Mgonjwa wa zamani mwenye kisukari na presha, vyote vimetulia, na daktari anaendelea kumwandikia dawa: magonjwa mawili sugu yaliyotulia ni kiwango cha kati, kusimamia dawa za cheti ni hatari ya kati, basi ni 99214. Kwa muda, 99214 inaanzia dakika 30 na 99213 dakika 20. “Mgonjwa mpya” ni yule ambaye daktari huyo, au mwenzake wa fani ileile katika kundi lilelile la madaktari, hajamwona kwa miaka mitatu. Na kama siku hiyohiyo alishonwa jeraha, ile ziara haitalipwa bila modifaya ya 25, ambayo inadai maandishi ya daktari yaonyeshe kazi ya kweli iliyo tofauti na ule ushonaji.

Njia inayofanya kazi: soma majibu manne kabla ya swali. Mara nyingi yanatofautiana kwa msimbo mmoja au modifaya moja tu, kwa hiyo unafungua kurasa mbili badala ya nane. Soma maelezo ya mabano chini ya msimbo, maana ndiyo yanayokataza misimbo miwili kuandikwa pamoja, na mtunga mtihani anayapenda. Swali likivuka dakika tatu, weka jibu lolote, litie alama, songa mbele. Kuacha tupu hakuna faida.

Unaweza kuufanyia nyumbani ukisimamiwa kupitia kamera, au kwenye kituo. Kwa nyumbani unahitaji kamera ya nje ya USB inayowekwa pembeni ili ionyeshe mikono, kibodi na vitabu. Ile ya laptopu pekee haitoshi. Laptopu ya ofisi mara nyingi imefungwa isipokee programu ya msimamizi, na tatizo hilo hugunduliwa dakika kumi kabla ya mtihani. Kwa nyumba yenye watoto na wageni wasiopiga hodi, naona kituo ni bora.

Herufi A

Hapa ndipo penye uamuzi. A ya CPC-A huondolewa kwa kuonyesha miaka miwili ya uzoefu, au mwaka mmoja wa uzoefu pamoja na cheti cha kozi ya kodingi ya angalau saa 80. Kozi ya AAPC inatimiza hilo la pili. Kisha kuna Practicode, huduma yao nyingine inayolipiwa kando: rekodi halisi 600 zilizofutwa majina, unazisimba, na ukifikisha usahihi wa 70% unahesabiwa mwaka mmoja. Kozi na Practicode kwa pamoja huiondoa A bila kuajiriwa hata siku moja.

Je, inafaa kulipia? Ndiyo, kwa sababu mbili. Mifumo ya kuchuja maombi hutafuta CPC, na CPC-A inaweza kutupwa kabla ya binadamu kuiona. La pili ni muhimu zaidi: mtihani unakupa maswali yenye majibu manne, kazini hupewi hata moja. Rekodi mia sita ndizo zinazokufundisha kuanza na ukurasa mtupu. Lakini ni lazima isemwe wazi kwamba kuondoa A si sawa na uzoefu machoni pa mwajiri. Tangazo likitaka miaka miwili ya kusimba upasuaji wa mifupa, linataka miaka miwili kweli.

Mlango wa uhakika zaidi uko pembeni. Ofisi za malipo za hospitali na kliniki zina kazi nyingi zisizodai cheti: kuhakiki bima ya mgonjwa, kuomba kibali cha bima kabla ya matibabu, kuingiza malipo, kufuatilia madai yaliyokataliwa. Ya mwisho ndiyo shule bora, kwa kuwa kila dai lililorudi linakuambia msimbo gani ulikosewa na kwa nini. Msaidizi wa wauguzi aliye tayari ndani ya hospitali anamzidi mgeni kwa mbali: aombe kuhamia idara hizo hukohuko huku akisoma. Aulize pia ofisi ya utumishi kuhusu msaada wa karo. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri kulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila mfanyakazi kukatwa kodi juu yake. Hospitali nyingi zina mpango huo, na wafanyakazi wengi wa zamu hawajawahi kuambiwa.

Kufanyia kazi nyumbani huja baadaye. Sheria ya faragha ya wagonjwa, HIPAA ya 1996, inamlazimu mwajiri kujua nani anaona skrini yako. Chumba chenye mlango unaofungwa ni sharti la kweli, na wengi hutaka miezi ya kwanza uwe ofisini. Usahihi wa 95% ndicho kiwango kinachodaiwa mahali pengi, na idadi ya rekodi kwa saa huhesabiwa. Macho ya miaka 50 yanataka skrini mbili kubwa na taa nzuri. Zinunue kabla ya kiti.

Fedha

Kifurushi cha kozi, vitabu, mtihani na uanachama kwa kawaida huvuka dola 2,000, na bei hushuka misimu ya punguzo, kwa hiyo usilipe wiki ya kwanza uliyosikia habari. Jaribio moja la mtihani ni zaidi ya dola 400. Majaribio mawili yakinunuliwa pamoja, la pili huwa na bei ndogo sana. Chukua mawili hata kama unajiamini. Uanachama ni zaidi ya dola 200 kila mwaka na hauna mwisho: ukiacha kulipa, cheti kinakufa. Gharama hii ndiyo inayosahaulika sana kwenye mahesabu.

Aliyepoteza kazi au mwenye kipato kidogo aende kwanza American Job Center, ofisi ya kusaidia wanaotafuta kazi, ya eneo lake aulizie fedha za WIOA, sheria ya mafunzo ya kazi ya mwaka 2014. Zinaweza kulipia mafunzo kamili, lakini shule lazima iwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na jimbo, na maombi yatangulie malipo. Ukilipa kwanza, hurudishiwi.

Mshahara: takwimu za serikali ya Marekani za Mei 2023 zinaweka kipato cha katikati cha wataalamu wa rekodi za matibabu, kundi linalojumuisha wasimbaji, kuwa dola 48,780 kwa mwaka. Mwanagenzi huanzia chini ya hapo. Kwa anayelipwa kwa saa kwenye nyumba ya wazee, ongezeko la mwaka wa kwanza linaweza kuwa dogo. Anachopata mapema ni mwili kupumzika, na hilo lina thamani yake.

Njia nyingine, na nani asinunue

AHIMA, chama cha wataalamu wa rekodi kilichoanzishwa mwaka 1928, kina CCA kwa wanaoanza na CCS kwa waliobobea. Anayelenga hospitali, wagonjwa wa kulazwa na kitabu cha ICD-10-PCS cha taratibu za upasuaji, aangalie huko. Cheti chao cha RHIT kinadai shahada ya miaka miwili kutoka chuo kilichoidhinishwa, na hapo ndipo CPC inapomfaa mhamiaji: haidai vyeti vya nyumbani vitafsiriwe wala kulinganishwa. Chuo cha jamii (community college), kwa upande wake, kinaweza kukubali ruzuku ya Pell, msaada wa karo wa serikali, na huwa na mwalimu wa kumuuliza uso kwa uso. Anayejijua hasomi bila kusukumwa aende huko. Kozi ya mtandaoni itamwacha mwenyewe sura ya kwanza ya upasuaji wa moyo, na hatairudia.

Programu za kompyuta tayari zinasimba ripoti nyingi za eksirei bila mtu kuzigusa. Usijenge maisha ya pili kwenye kazi nyepesi zinazojirudia. Elekea panapohitaji kusoma rekodi ndefu na kupima: upasuaji, magonjwa sugu yanayopimwa kwa mfumo wa hatari wa Medicare (bima ya serikali hasa ya wazee), madai yaliyokataliwa, ukaguzi.

Aliyeko Dar es Salaam au Mombasa akitegemea kusimbia Marekani kutoka huko asikimbilie. Rekodi za wagonjwa haziruhusiwi kirahisi kuvuka mipaka, na mikataba mingine ya Medicaid ya majimbo, bima ya wenye kipato kidogo, inakataza kabisa. Lakini Dubai na Abu Dhabi hudai malipo ya bima kwa ICD-10-CM na CPT, na waajiri wa huko huitafuta CPC, kwa hiyo kwa muuguzi aliye tayari Ghuba cheti hiki kina soko. Saudi Arabia hutumia mfumo wa Australia, ICD-10-AM, na CPC haimsaidii mtu huko moja kwa moja.

Baada ya kufaulu kuna saa za kujiendeleza: 36 kila miaka miwili kwa cheti kimoja. Matawi ya mitaa ya AAPC hutoa nyingi kwenye mikutano yao kwa bei ndogo au bure, na wanaokaa viti vya mbele humo ni wasimamizi wa ofisi za malipo wa mji wako. Uliza tawi lako kama mgeni anaruhusiwa, uhudhurie mkutano mmoja kabla ya kulipia kozi, na uwaulize wasimamizi hao swali hili moja: mara ya mwisho mlimwajiri mwenye A lini, na alikuwa ametokea kazi gani?